Udhibiti wa Wadudu Waharibifu wa Mwaridi wa Bustani katika Ukanda wa Shinyanga na Geita: Ufafanuzi wa Kiikolojia na Kiistilahi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wadudu wanavyoushambulia mwaridi wa bustani katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, na utaratibu unaofaa kuwadhibiti. Hoja ya msingi ni kwamba mwaridi wa eneo hili hauwezi kutazamwa kama mmea wa pambo uliojitenga. Umezungukwa na mashamba ya pamba, dengu na mahindi, hupata vumbi la barabara za changarawe kwa miezi mingi, na mara nyingi hupuliziwa viuatilifu vilivyokusudiwa pamba. Mambo hayo matatu, pamoja na joto la kiangazi, huufanya utitiri mwekundu, ambao kibiolojia si mdudu, kuwa adui mkubwa kuliko wadudu wenyewe. Makala yanaonesha kwamba maneno mawili ya kawaida, yaani mdudu na dawa, huficha tofauti ambazo udhibiti unazitegemea. Mwisho, yanapendekeza utaratibu wa hatua unaoanza na utambuzi na kuishia na kiuatilifu, badala ya kuanza nacho.

1.0 Utangulizi

Katika maandishi ya kilimo nchini Tanzania, mwaridi hutajwa zaidi kuhusiana na mashamba ya maua ya biashara ya Arusha na Kilimanjaro, ambako maua hukuzwa ndani ya vibanda vya plastiki kwa ajili ya soko la nje. Mwaridi wa bustani ya nyumbani, ya ofisi, ya hoteli au ya nyumba ya ibada haujapewa nafasi kama hiyo. Sababu inaeleweka: haumpatii mwenye nao fedha za kigeni, wala haumo katika takwimu za mazao. Hata hivyo, ndio mmea unaopuliziwa viuatilifu hatua chache kutoka dirishani, jikoni, kisimani na mahali wanapochezea watoto. Ua lake huchumwa kwa mkono mtupu na kupelekwa puani. Kwa mantiki hiyo, kosa dogo la udhibiti lililofanywa katika mwaridi mmoja wa nyumbani humkaribia binadamu kuliko kosa kama hilo likifanyika katikati ya shamba.

Eneo linalozingatiwa ni Mkoa wa Shinyanga, zikiwamo Kishapu na Kahama, pamoja na Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Ni ukanda wenye sura mbili za kiuchumi. Sura ya kwanza ni pamba, zao ambalo kwa miongo mingi limeutambulisha Usukuma na ambalo utafiti wake umefanyika hasa katika kituo cha Ukiriguru, karibu na jiji la Mwanza. Sura ya pili ni madini: almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, na dhahabu ya Geita, Bulyanhulu, Buzwagi (ambako mgodi ulifungwa mwaka 2021) na machimbo mengi ya wachimbaji wadogo kama yale ya Nyarugusu. Miji iliyokua kutokana na madini imeleta nyumba zenye nyua na bustani. Bustani hizo, hata hivyo, zimepandwa ndani ya ikolojia ya pamba.

Katika makala haya, neno mwaridi linatumika kwa maana ya mmea, na waridi kwa maana ya ua.

2.0 Mazingira ya Mwaridi katika Ukanda wa Pamba na Dhahabu

2.1 Kalenda ya mvua na kalenda ya wadudu

Shinyanga ni eneo la ukame wa wastani. Mvua zake, ambazo kwa kawaida huwa kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Geita, iliyo karibu zaidi na Ziwa Victoria, hupata mvua nyingi kidogo, lakini nayo hupitia kiangazi cha miezi kadhaa. Pamba hupandwa mvua zinapoanza na huvunwa kuanzia Mei au Juni. Baada ya mavuno, kanuni za kilimo cha pamba humtaka mkulima kung'oa na kuchoma masalia ili wadudu wakose mahali pa kuishi hadi msimu unaofuata.

Kanuni hiyo ina msingi imara wa kibiolojia: mdudu asiyepata chakula kwa miezi kadhaa hupungua. Lakini katika miezi hiyohiyo, mwaridi wa bustani hubaki kijani kwa sababu humwagiliwa. Hivyo bustani hugeuka kisiwa cha majani mateke katikati ya nchi iliyokauka. Vidukari, vithiripi, inzi weupe na utitiri wanaohama kutoka katika mimea inayokauka hutua palipo na utomvu. Ni kwa sababu hii mtunza bustani huona mashambulizi yakiongezeka mwezi Juni au Julai bila kubadilisha chochote katika matunzo yake. Kilichobadilika ni kile kilicho nje ya ua wake.

Mfano ulio wazi ni nondo ajulikanaye kisayansi kwa jina la Helicoverpa armigera, ambaye wakulima wa pamba humwita funza wa vitumba. Kiwavi wake hula vitumba vya pamba, mahindi machanga, nyanya, na dengu zinazolimwa katika udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua kupungua. Kiwavi huyohuyo hutoboa tumba la waridi na kula petali kabla hazijafunguka. Mtu anayemfahamu vizuri shambani anaweza asimtambue bustanini, kwa kuwa jina lenyewe linamfunga mdudu huyu na pamba.

2.2 Vumbi

Kipengele cha pili ni vumbi. Magari yanayobeba mawe ya dhahabu, kokoto na abiria katika barabara zisizo na lami hutimua vumbi ambalo hutanda juu ya majani ya mimea ya kandokando. Vumbi huzuia nuru kulifikia jani, na kwa hiyo hupunguza usanisinuru. Athari yake ya pili haionekani kwa urahisi lakini ni kubwa zaidi: huwasumbua wadudu wadogo wanaowinda utitiri, ambao hutembea juu ya jani wakitafuta mawindo. Utitiri mwekundu wenyewe huishi upande wa chini wa jani, chini ya utando wake mwembamba, na kwa hiyo hauathiriki kwa kiwango hicho. Matokeo yake ni kwamba mimea iliyo kandokando ya barabara za vumbi hupata mashambulizi makali ya utitiri kuliko iliyo mbali nazo. Jambo hili limeonekana katika mazao mengi duniani, na hakuna sababu ya mwaridi wa Kahama au Geita kuepukana nalo.

3.0 Suala la Istilahi: Mdudu, Dawa na Kiuatilifu

Kabla ya kueleza wadudu wenyewe, ni muhimu kuchunguza maneno yanayotumika kuwataja, kwa sababu katika mada hii neno huongoza mkono.

Neno la kwanza ni mdudu. Katika Kiswahili cha kawaida, mdudu ni kiumbe mdogo yeyote anayetambaa au kuruka: mbu, buibui, jongoo, hata nge. Katika biolojia, mdudu ni kiumbe mwenye miguu 6 na mwili wenye sehemu 3. Utitiri una miguu 8 unapokomaa, na kinasaba uko karibu na buibui kuliko vidukari. Tofauti hii si ya darasani tu. Viuadudu vingi vinavyouzwa kwa ajili ya pamba na mboga hushambulia mfumo wa neva wa wadudu, na haviuui utitiri kwa kiwango cha kuridhisha. Mnunuzi anayesema dukani kwamba maua yake "yana wadudu" hupewa kiuadudu, na jibu hilo ni sahihi kwa swali lililoulizwa. Kosa limo katika swali.

Neno la pili ni dawa. Kiswahili hutumia neno hili kwa kinachomponya mgonjwa, kinachosafisha meno, kinachong'arisha viatu na kinachoua wadudu. Kisukuma nacho kina neno bugota, linalobeba dhana ya tiba pamoja na nguvu za jadi. Dawa, kwa maana yake ya msingi, ni kitu chema: mgonjwa akizidiwa huongezewa, na asiyeumwa aweza kupewa ili ajikinge. Dhana hizo mbili zikihamishiwa katika sumu ya shambani huleta madhara. Mtunza bustani huongeza kipimo kwa kuwa mmea "umezidiwa", au hupuliza kila wiki mmea usio na tatizo ili "kuukinga".

Neno kiuatilifu liliundwa kuziba pengo hilo. Linaunganisha kitenzi ua na neno tilifu, lenye dhana ya uharibifu na upotevu. Kwa hiyo kiuatilifu ni kinachoua kile kiharibucho. Istilahi hii sasa imo katika jina la chombo cha serikali kinachosimamia eneo hili, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Ndani ya kiuatilifu kuna istilahi mahususi: kiuadudu kwa wadudu, kiuakuvu kwa kuvu, kiuagugu kwa magugu. Kwa utitiri, hata hivyo, hakuna neno moja lililozoeleka madukani. Makala haya yanatumia kiuatitiri, kwa kufuata muundo uleule. Pendekezo hili ni la kiistilahi, lakini faida yake ni ya kivitendo: kisicho na jina dukani ni vigumu kukiulizia.

4.0 Wadudu Wakuu na Dalili Zao

4.1 Wafyonzaji wa utomvu

Vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta, hukusanyika kwenye machipukizi na chini ya matumba. Majike huzaa bila kujamiiana, tena huzaa watoto hai badala ya kutaga, na mtoto huweza kuanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Ndiyo maana chipukizi lililokuwa safi Jumatatu huweza kufunikwa kabla ya Jumatatu mbili kupita. Vidukari hutoa majimaji matamu yenye kunata. Juu yake huota ukungu mweusi, na sisimizi huyafuata. Sisimizi hao huwalinda vidukari dhidi ya maadui wao. Kuwaona wakipanda na kushuka shinani ni dalili ya mapema kuliko kuona vidukari wenyewe.

Vidung'ata, wenye unga mweupe mwilini, na wadudu gamba, wanaoonekana kama vipele vilivyoganda kwenye shina, hufyonza kwa namna hiyohiyo. Hawa huongezeka polepole, lakini nta au gamba lao huwakinga dhidi ya viuatilifu vingi vya kugusa. Inzi weupe hupatikana zaidi pale ambapo nyanya au pamba ziko jirani.

4.2 Vithiripi

Vithiripi ni wembamba, wenye urefu wa milimita 1 hadi 2, na hujificha ndani ya tumba. Dalili yao ni michirizi ya kahawia pembezoni mwa petali, na ua lisilofunguka vizuri. Mawaridi meupe na ya manjano huonesha madhara haya mapema. Sehemu ya maisha yao hupita udongoni chini ya mmea. Kwa kuwa wamejificha petalini na udongoni, kupuliza majani hakuwafikii wengi wao.

4.3 Viwavi na mbawakawa

Kiwavi wa Helicoverpa armigera ametajwa hapo juu. Alama yake ni tundu la mviringo katika tumba, na kinyesi chenye punje karibu na tundu hilo. Mwingine ni kiwavi wa nondo Thaumatotibia leucotreta, mwenyeji wa Afrika kusini mwa Sahara, ambaye hushambulia machungwa, pilipili, vitumba vya pamba na waridi. Umoja wa Ulaya umemweka miongoni mwa wadudu wa karantini, na kwa sababu hiyo amekuwa tatizo la kibiashara kwa wauzaji wa mawaridi wa Afrika Mashariki. Katika bustani ya nyumbani hana uzito wa kibiashara, lakini ni ushahidi mwingine kwamba waridi na pamba hugawana maadui.

Mbawakawa hula petali na majani, hasa mvua zinapoanza. Ni wakubwa na huonekana, kwa hiyo huokotwa kwa mkono.

4.4 Asiyestahili kuuawa

Mara nyingi majani ya mwaridi huonekana yamekatwa pembeni kwa umbo safi la nusu duara, kana kwamba kwa mkasi. Hiyo ni kazi ya nyuki wa jenasi ya Megachile, ambao hutumia vipande hivyo kujengea viota. Hawauli mmea, hawaishi juu yake, nao huchavusha mazao. Kupuliza kiuadudu kwa sababu ya alama hizo ni kuua kinachofaa bila kupata chochote.

4.5 Utitiri mwekundu

Utitiri mwekundu, kisayansi Tetranychus urticae na jamaa zake, ni mdogo kiasi kwamba huonekana kwa shida bila kioo cha kukuzia. Jani lililoshambuliwa huwa na vitone vingi vya rangi hafifu, kisha hugeuka shaba na kuanguka. Njia rahisi ya kuutambua ni kuweka karatasi nyeupe chini ya tawi na kulipiga tawi kwa kidole: vitone vikianza kutembea juu ya karatasi, ni utitiri. Ukiongezeka, utando mwembamba huonekana kati ya majani.

Joto ndilo huamua kasi yake. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, yai huchukua zaidi ya wiki 2 kufikia utitiri kamili. Katika nyuzi 30, huchukua takriban siku 7 hadi 10. Jike mmoja hutaga mayai mengi, mara nyingi yanayofikia 100. Joto la mchana la Shinyanga mwezi Septemba na Oktoba hufikia au kupita nyuzi 30, na hewa huwa kavu. Ni miezi hiyo hiyo ambayo vumbi ni jingi na mimea mingine imekauka.

5.0 Kwa Nini Kupuliza Huweza Kuzidisha Tatizo

Fungu hili ndilo kiini cha makala. Tuchukulie mwaridi wenye vidukari wengi na utitiri kidogo mwezi Agosti. Mwenye bustani anapata kiuadudu kilichobaki msimu wa pamba, kwa kawaida cha kundi la pairethroidi kama vile lambda-sihalothrini au sipamethrini, na kupuliza. Kesho yake vidukari wengi wamekufa. Wiki 3 baadaye majani yanageuka shaba na kuanguka. Anaamini kwamba dawa ilikuwa dhaifu, anarudia kwa kipimo kikubwa zaidi, na mmea unazidi kudhoofu.

Kilichotokea kinaelezeka kwa sababu tatu. Kwanza, pairethroidi huua kwa upana. Pamoja na vidukari, huua mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, mabuu ya inzi wanaofanana na nyuki, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari, na utitiri unaowinda utitiri mwekundu. Maadui hao huchelewa kurejea, kwa kuwa huzaliana polepole na huhitaji mawindo kwanza. Pili, utitiri mwekundu wenyewe huponea kwa sehemu kubwa: uko chini ya jani, chini ya utando, na katika maeneo mengi una usugu. Tatu, viuadudu kadhaa, zikiwamo baadhi ya pairethroidi na imidaklopridi, vimeonekana katika tafiti kuufanya utitiri usambae katika mmea au utage zaidi. Hivyo kiuadudu kimeondoa washindani na walinzi kwa pamoja, kikaacha mmea mikononi mwa adui aliye hodari zaidi wa kuzaliana katika joto.

Kuna hasara ya nne, nayo ni ya jamii nzima. Funza wa vitumba amejenga usugu dhidi ya pairethroidi katika nchi nyingi zinazolima pamba. Usugu hukua kwa kadiri mdudu anavyokutana na sumu ileile vizazi kwa vizazi. Mkulima akipumzisha kiuadudu baada ya mavuno huku bustani za mjini zikiendelea kukitumia kiangazi chote, wadudu waliojihifadhi katika visiwa hivyo vya kijani huendelea kuchujwa, na wanaosalia ni wale wanaoihimili sumu. Bustani ni ndogo ikilinganishwa na mashamba, na mchango wake usikuzwe kupita kiasi. Lakini hauna manufaa yoyote ya kuufidia.

Aidha, suala la lebo lina uzito wake. Lebo ya kiuatilifu hutaja mmea, kipimo, muda wa kusubiri na mavazi ya kinga, na utepe wa rangi huonesha ukali wa sumu: nyekundu ni hatari zaidi, ikifuatiwa na njano, bluu na kijani. Kiuatilifu kinapomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa ili jirani agawiwe kidogo, maelezo hayo yote hubaki kwenye chombo cha awali. Kinachofika nyumbani ni kimiminika kisicho na jina ndani ya chupa ambayo mtoto anaijua kuwa ni ya maji.

6.0 Utaratibu wa Udhibiti

Utaratibu unaopendekezwa hapa unafuata misingi ya udhibiti husishi wa wadudu, ukizingatia hali ya ukanda huu. Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua yoyote peke yake.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi. Mara mbili kwa wiki, majani machache ya chini na ya katikati hugeuzwa na kutazamwa upande wa chini, matumba hukaguliwa, na jaribio la karatasi nyeupe hufanywa. Kazi hii huchukua dakika chache kwa mmea. Bila kujua ni nani anayekula, hatua zote zinazofuata ni kubahatisha.

Hatua ya pili ni maji. Kuosha majani kwa maji, hasa upande wa chini, huondoa vidukari, huvunja utando wa utitiri na huondoa vumbi. Katika kiangazi, kurudia kila baada ya siku 2 au 3 kwa wiki 2 hupunguza utitiri kwa kiasi kikubwa. Yawezekana kuuliza kama hili linafaa mahali ambapo maji ni ya kununua. Jibu ni kwamba hayapotei: maji yanayoosha majani huangukia shinani, na hivyo huhesabiwa ndani ya umwagiliaji wa siku hiyo. Kinachohitajika ni bomba dogo la kupulizia lisilowahi kutumika kwa kiuagugu. Kazi hii ifanywe asubuhi ili majani yakauke mapema, kwani majani yanayolala na unyevu hukaribisha magonjwa ya kuvu.

Hatua ya tatu ni kukata na kuokota. Machipukizi yaliyojaa vidukari, matumba yaliyotobolewa na maua yaliyochakaa hukatwa na kufukiwa au kuchomwa. Yakitupwa chini ya mmea, vithiripi na viwavi huendelea na maisha yao. Kiwavi mmoja ndani ya tumba moja hauhitaji kiuatilifu. Unahitaji vidole viwili. Sisimizi huzuiwa kwa kuvuruga vichuguu vyao vilivyo karibu na kukata matawi yanayogusa ukuta au ardhi.

Hatua ya nne ni kuuimarisha mmea. Mwaridi wenye kiu hushambuliwa zaidi na utitiri. Mwaridi uliozidishiwa mbolea ya naitrojeni huchipua majani laini yanayopendwa na vidukari. Matandazo hutunza unyevu, lakini katika eneo lenye mchwa yasigusane na shina. Ua wa vichaka kati ya barabara na bustani hupunguza vumbi, na maua madogo kama giligilani iliyoachwa ichanue huwalisha nyigu na inzi wanaoangamiza vidukari.

Hatua ya tano ni vimiminika vyenye madhara madogo. Sabuni laini ya maji, kwa kiasi cha mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, huua vidukari na utitiri inapowagusa, na haiachi sumu ya kudumu. Sabuni ya unga ya kufulia haifai, kwani huweza kuunguza majani. Mwarobaini, mti ulioenea sana Shinyanga, hutoa kiini kiitwacho azadiraktini, ambacho huzuia wadudu kula na kujivua gamba. Gramu 50 za kokwa zilizotwangwa huloweshwa katika lita moja ya maji usiku mzima, huchujwa na kutumika siku hiyohiyo. Kwa kuwa jua hukivunja kiini hicho ndani ya siku chache, upuliziaji ufanyike jioni na urudiwe kila wiki wakati wa mashambulizi. Mchanganyiko wowote ujaribiwe kwanza katika matawi machache. Salfa, ambayo hufaa kwa utitiri na kwa ubwiriunga, isipulizwe joto linapokaribia nyuzi 32, maana huunguza majani. Katika Shinyanga ya Oktoba, sharti hilo karibu linaiondoa kabisa.

Hatua ya sita, nayo ni ya mwisho, ni kiuatilifu cha viwandani. Kitumike tu pale ambapo hatua zilizotangulia zimefanywa na kushindwa, kiwe kimesajiliwa, lebo yake itaje mimea ya maua, na kichaguliwe kwa mujibu wa kiumbe aliyetambuliwa: kiuatitiri kwa utitiri, kiuadudu kwa wadudu. Kisipulizwe mchana nyuki wanapotembelea maua, wala maua yasichumwe kabla ya muda wa kusubiri kwisha.

7.0 Mipaka ya Kuiga Mashamba ya Biashara

Mashamba ya mawaridi ya Naivasha, Kenya, yamefanikiwa kupunguza matumizi ya viuatitiri kwa kuachilia utitiri uwindao uitwao Phytoseiulus persimilis. Kiumbe huyu hula utitiri mwekundu pekee, na mmoja huweza kumaliza mayai kama 20 kwa siku. Mafanikio hayo yanaweza kumshawishi mtafiti kupendekeza njia hiyohiyo kwa Shinyanga. Hata hivyo, mayai ya mwindaji huyu huhitaji unyevu wa hewa unaozidi asilimia 60 ili yaanguliwe vizuri, na joto kali humdhoofisha wakati linampa nguvu mawindo wake. Naivasha iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mawaridi yake yamo ndani ya vibanda ambamo unyevu hudhibitiwa. Bustani ya wazi ya Shinyanga, katika kimo cha mita 1,100 hivi, mwezi Septemba, haina sifa hizo.

Funzo linaloweza kuhamishwa kutoka Naivasha ni kanuni, si kiumbe: kwamba adui wa asili hufanya kazi pale tu ambapo hapulizwi sumu. Katika ukanda huu, kanuni hiyo humaanisha kuwalinda wawindaji wa kienyeji ambao tayari wamezoea joto na ukavu wa hapa. Ukiriguru inatoa mfano wa karibu zaidi wa fikra hii. Wataalamu wake waliokabiliwa na chawa jani wa pamba walichagua na kuzalisha aina za pamba zenye majani yenye vinyweleo, ambavyo huwazuia wadudu hao. Waliubadilisha mmea badala ya kutegemea sumu peke yake. Mtunza bustani naye aweza kufanya jambo la aina hiyo kwa kiwango chake, kwa kuzalisha vikonyo kutoka katika miwaridi ambayo imestahimili viangazi vya mahali hapo, badala ya kununua kila mara miche iliyotoka katika nyanda zenye baridi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba tatizo la wadudu wa mwaridi katika Shinyanga na Geita halianzii bustanini. Linatokana na kukutana kwa mambo manne: mashamba yanayokauka, joto, vumbi, na kiuadudu kinachohamishwa kutoka katika pamba. Matatu ya kwanza hayamo katika uwezo wa mtunza bustani. La nne limo mikononi mwake kabisa, na ndilo linalougeuza utitiri kutoka kero ya kawaida kuwa maangamizi. Kwa hiyo, hatua yenye tija kubwa kuliko zote ni kutokipuliza kiuadudu cha pamba katika mwaridi, na kutumia maji, mkono na mwarobaini kwanza.

Kwa upande wa lugha, imebainika kwamba istilahi za ulinzi wa mimea si pambo la vitabu. Mtu anayetofautisha mdudu na utitiri, dawa na kiuatilifu, huuliza swali tofauti dukani na hurudi nyumbani na kitu tofauti. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu majina ya viumbe hawa katika Kisukuma na lugha nyingine za ukanda huu, ili istilahi za Kiswahili zijengwe juu ya maarifa ambayo wakulima wanayo tayari. Unahitajika pia uchunguzi wa namna lebo za Kiswahili zinavyosomwa na kueleweka na watumiaji walio nje ya mashamba, kwa kuwa hao ndio wanaovitumia viuatilifu karibu zaidi na chakula, maji na watoto.